Mia na Arobaini na Saba kwa Mia na Sitini

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa mbili kasoro usiku.
Waya wa antena nimeufunga kwenye nondo ya dirisha,
na kidude cha ukubwa wa kidole gumba,
nilichokinunua kwa hela ya ushonaji,
kinachota hewa ya Tanga
mara milioni mbili na laki nne kwa sekunde.

Nyingi mno. Nani atazinywa zote?
Kwa hiyo nachuja.
Kwanza kifumbu, ndipo kugawa:
ukigawa kabla ya kuchuja, kituo cha jirani
kinajikunja, kinaingia bila hodi,
kinaelea juu ya hiki chako kama nzi kwenye tui.
Gawa kwa kumi. Fumbua wimbi, toa sauti iliyofichwa
katika kutikisika kwake. Gawa kwa tano.
Zimebaki elfu arobaini na nane,
na hizo ndizo nilizopeleka kwenye spika.

Akaja Tatu Semkiwa na matangazo ya vifo.
Lakini siye.
Sauti imeshuka, imenenepa,
inaburuta kandambili sakafuni,
na kila baada ya kitambo inameza neno zima:
“Familia ya … wa Makorora inasikitika …
mazishi ni kesho, baada ya sala ya …”
Chini ya skrini herufi O zinajipanga,
O, O, O,
kama midomo ya watu waliofika msibani wamechelewa.

Nikaganda na sindano mkononi.
Ile ilikuwa sauti ya Shangazi Kibibi,
ya miaka ile ya mwisho, meno ya mbele yameshakwenda,
anakula maneno na huku anayasema.

Hemedi akachungulia: “Zima hiyo, inatisha.”
Sikuzima.

Kosa nililijua.
Kompyuta hii ya mtumba, ya kule Tangamano,
kadi yake ya sauti imezoea
elfu arobaini na nne na mia moja. Haijui kingine.
Kila sekunde elfu tatu na mia tisa zinabaki mlangoni,
foleni inajaa, inamwagwa.
Ningeweza kuzitupa mwenyewe,
karibu moja katika kila kumi na mbili,
nani angejua?

Yeye angejua.
Nilikuwa darasa la sita nilipompelekea ubeti wangu:
*Hodi hodi mlangoni, mwenye nyumba nifungulie.*
Akahesabu kwa vidole, kimya, akarudi kuhesabu.
“Huku nane. Huku tisa. Shairi lako linachechemea.”
Nikakata: *mwenye nyumba nifungue.*
Akacheka mpaka akashika mbavu.
“Nani kakufunga kamba, mwanangu?
Mizani imetimia, maana imekufa.
Usikate. Panga upya.”
Akachukua kalamu:
*Hodi hodi mlangoni, mwenyeji nifungulie.*
Nane kwa nane. Na mlango ni ule ule.

Basi sikutupa.
Nilizidisha kwa mia na arobaini na saba,
nikachuja tena,
nikagawa kwa mia na sitini,
kila sampuli mpya ikaombwa kwa jirani zake:
kama ungesimama hapa, katikati, ungekuwa na sauti gani?

Zile O zikakoma.
Tatu akarudi kuwa Tatu, mwepesi, pua kidogo,
akarudia tangazo tangu mwanzo:
familia ya Mzee Mbwelwa, wa Makorora, inasikitika;
mazishi ni kesho, baada ya sala ya adhuhuri.
Hakuna neno lililomezwa.
Hemedi akasema, “Hapo sasa,” akaenda zake kulala.

Nami nikabaki na sauti safi chumbani
na mtu mmoja amepungua.

Mpango wa kwanza, ule wenye kosa, sikuufuta.
Nimeupa jina, nimeuweka.
Gauni la watu bado halina mkono wa kushoto.